Upande wa Kushoto Sisikii

Siafu waligoma saa tatu na robo asubuhi, wakiwa wameshaingia puani mwa Fundi Anatoli Chilumba.

Hawakupiga kelele, maana hawana mdomo wa kupigia. Walitoka kwenye sindano mfano wa kijiko cha uji mwembamba wa kijivu, wakateleza kwenye tundu la kushoto, wakapanda mpaka pale nyama laini inapokutana na mfupa, wakasimama. Kwenye kioo kikubwa cha ukutani Daktari Fadhila Nnunduma aliwaona wamejipanga duara, elfu sitini kwa jumla, kila mmoja mdogo kuliko chembe ya unga. Kazi yao ilikuwa kula saratani na kuacha kila kilicho kizima, na kwa miaka sita waliyotumika katika hospitali ya Mkomela hawakuwahi kukataa chakula.

Fundi Anatoli alikuwa macho. Kwa siafu hakuna haja ya kumlaza mtu usingizi. Ganzi ya puani inatosha. Alikuwa seremala wa miaka sitini na mitatu, mwenye viganja vipana na penseli nyuma ya sikio, penseli ambayo alikataa kuitoa hata walipomvisha gauni la hospitali.

"Wameshaingia?" aliuliza. "Mbona sisikii kitu?"

Pale pale, pembeni mwa kioo, maandishi ya Karani yakajitokeza. Karani ndiye mwandishi wa hospitali zote za kanda. Hana mwili, ana masikio na sauti tu katika kila chumba; humsikiliza mgonjwa na daktari wake, huandika faili, na siafu hawaendi popote bila ramani anayowachorea kutoka kwenye faili hilo. Sasa aliandika: *Mgonjwa analalamika tena kuhusu sikio.*

Fadhila akalisoma lile neno "tena" mara mbili. Fundi alikuwa na saratani ya sinasi, vile vyumba vya hewa vilivyomo ndani ya mifupa ya uso. Kinyama walichomkata na kukipima kilionyesha aina ileile inayowapata watu waliovuta vumbi la mbao ngumu miaka nenda miaka rudi. Sikio lilitokea wapi?

Akamuuliza Karani kwa nini siafu wamesimama. Karani akajibu bila haya kwamba faili na picha havikubaliani. Faili lilisema ugonjwa wa pua ulianza wiki tatu zilizopita. Picha ilionyesha uvimbe wa ukubwa wa yai la kwale, umejaza vyumba vilivyo katikati ya macho na unausukuma ukuta wa jicho la kushoto. Hakuna uvimbe wa namna ile unaokua hivyo kwa wiki tatu. Na siafu wasiojua ugonjwa una umri gani hawawezi kukisia mizizi yake imefika wapi. Wakikosea mpaka, ama watakula jicho ama wataacha mbegu.

Fadhila aliwaheshimu kwa adabu hiyo ya kazi hata alipokuwa anawanyonya warudi kwenye sindano. Lakini siafu wakishaamshwa huishi siku nne tu. Na ukuta wa jicho mahali pale ni mwembamba kama karatasi ya daftari. Ukitoboka, Fundi hatapoteza jicho peke yake, kwa sababu kutoka hapo hadi kwenye ubongo si safari ndefu.

*

Fadhila alikwenda kutafuta asili ya lile "tena" kwenye chumba cha kumbukumbu, mwisho wa korido. Humo alikaa Bi Somoe Likanga, ambaye nusu ya hospitali ilimwita Bi Kadi kwa kumtania. Karani alipoletwa, makabati yote ya makaratasi yalitolewa nje isipokuwa la kwake, kwa sababu siku hiyo aliketi mbele yake akamenya chungwa, na hakuna aliyethubutu kumwambia ainuke.

Tangu hapo, kila asubuhi kabla wagonjwa hawajaingia kwa Karani, alipita kwenye benchi na kuwauliza mmoja mmoja, "Umekuja na neno gani?" Jibu aliliandika kwenye kadi ya kaki kwa wino wa bluu, neno kwa neno, bila kulinyoosha. Hakuna aliyemtuma. Madaktari vijana walisema anamaliza kalamu za serikali. Yeye alikuwa na msemo wake: andika alichosema mtu, si ulichoelewa wewe, ulichoelewa kiandike chini yake, kwa wino mwingine.

Kuipata kadi ya Fundi Anatoli hakukumchukua muda. Ilikuwa ya tarehe tisa Januari, na sasa ilikuwa Desemba. Fadhila akasoma: "Upande wa kushoto sisikii, toka msimu wa korosho. Mninga na mkongo kwangu sasa ni mamoja."

Akafungua faili la Karani la siku ileile. *Mgonjwa hasikii kwa sikio la kushoto. Asafishwe sikio.* Mwezi Machi, maneno yaleyale, sikio likasafishwa tena. Mwezi Juni akapimwa usikivu, masikio yote mazima, akarudishwa nyumbani na nasaha kwamba uzee nao ni ugonjwa. Mwezi Novemba akaja na damu kwenye leso na jicho linalotoa machozi, na hapo ndipo Karani alipoandika kwa mara ya kwanza neno "pua".

"Sasa kwa nini hakusema harufu?" Fadhila aliuliza, na sauti yake ilikuwa na hasira ambayo hakujua aielekeze wapi.

Bi Somoe alimtazama juu ya miwani. "Daktari, ukiingia jikoni ukute mboga inaungua, unasemaje?"

"Nasikia..." Fadhila akaanza, akanyamaza.

"Umeona? Na baridi unaifanyaje? Njaa? Kizunguzungu? Mswahili husikia kwa mwili mzima. Na huyu ni seremala, pua ndiyo rula yake. Akikwambia upande huu sisikii, ataongeza harufu ya nini? Wewe ukisema umekula, huwa unataja mdomo?"

Fadhila aliisoma ile kadi tena. Alikuwa amepita mbele ya chumba kile kwa miaka, akisalimia mlangoni kwa haraka, na wakati wote huo ndani yake mlikuwa na mtu aliyeifanya kazi ngumu kuliko yake bila kupigiwa makofi. Alimwonea fahari Bi Somoe, na papo hapo akajionea haya.

*

Kurekebisha faili kulikuwa rahisi. Ugumu ulikuwa kwenye sababu.

Karani alitaka kujua kosa lilitoka wapi, na alitoa visanduku viwili. Cha kwanza: *Mgonjwa alijieleza vibaya.* Ukitia alama hapo, tarehe ya kwenye kadi inaingia mara moja, ramani inachorwa upya, na siafu wanaondoka alasiri hiyohiyo. Cha pili: *Karani alielewa vibaya.* Ukitia alama hapo, Karani anafungwa kanda nzima, pamoja na ramani zake zote, mpaka Baraza la Kumbukumbu lipitie neno hilo katika kila faili, siku zisizopungua kumi na nne, na siafu wote wanabaki kwenye chupa zao. Sahihisho likishatiwa sahihi halifunguliwi kwa mwaka mzima, na Karani hujifunza kutoka kwake. Huwezi kudanganya leo ukatubu Jumatatu.

Kila neno ndani ya Karani lina ukurasa wa mzizi wake, ambao hakuna anayeusoma. Fadhila aliufungua kwa sababu alitaka kumjua mpumbavu aliyehusika. *Sikia: kwa sikio. Mfundishaji: F. Nnunduma.*

Jina lilikuwa lake mwenyewe. Akaikumbuka Ijumaa ile, miaka kumi na moja nyuma: madaktari wanafunzi arobaini ukumbini, kila mmoja na maneno mia nane ya kumfundisha Karani, kila neno na nafasi ya maana moja tu. Aliinua mkono akaomba nafasi mbili, akaambiwa achague. Jioni hiyo dada yake alikuwa anaolewa, na hina ya mikononi ilikuwa bado haijakauka vizuri. Akachagua sikio, akaendelea na neno lililofuata, ambalo lilikuwa "sikitika".

Bi Somoe akaingia na kadi saba, akazipanga mezani. Zote zilikuwa na "sisikii". Zote, Karani alikuwa amezipeleka kwenye masikio, na masikio yakakutwa mazima.

"Saba ni wa hapa petu," alisema. "Hospitali za kanda ni kumi na moja."

Basi jambo likawa wazi kama meno ya msumeno. Akitia alama kwenye cha kwanza, Fundi Anatoli atatibiwa leo kwa siafu, salama, na mlango utafungwa mwaka mzima juu ya hao saba na wenzao wasiojulikana, huku Karani akiwa amejifunza kwamba watu wasemao hivyo hawajui kujieleza. Akitia alama kwenye cha pili, hao watatafutwa, lakini Fundi hatakuwa na siafu, na ukuta wa jicho lake hauwezi kungoja majuma mawili. Fadhila atalazimika kuingia mwenyewe, kwa mkono na kisu, kama walivyofanya wa zamani. Alipokuwa mwanafunzi alifanya hivyo mara kumi na tisa. Kwa miaka sita sasa, hajafanya hata mara moja.

"Wewe ungefanyaje, Bi Somoe?"

"Kazi yangu ni kuandika," alisema yule mama. Halafu akavua miwani. "Lakini mwanangu, kabla hujamwandikia mtu kwamba kajieleza vibaya, nenda kamwambie usoni."

*

Alimkuta Fundi Anatoli kitandani kando ya dirisha, akikagua kwa kidole kiungo cha fremu ya dirisha na kusikitika. Fadhila alimwamkia shikamoo, akaitikiwa, akavuta kigoda. Alimwambia yote, ya siafu, ya visanduku viwili, ya watu saba bila kutaja majina yao, na mwisho ya ukurasa wa mzizi na ile harusi ya dada yake.

Fundi aliondoa kidole kwenye fremu.

"Nilijieleza vibaya?" akauliza.

"Hapana, fundi. Ulijieleza sawasawa. Mimi ndiye niliyefundisha vibaya."

"Miezi kumi na moja natiwa maji masikioni." Hakupaza sauti, na hilo lilimuuma Fadhila zaidi ya kelele. "Nikadhani nazeeka. Upande wa kulia nao ukabanwa, nikamwacha mke wangu aninusie mbao, na yeye hajui mninga wala mkaratusi."

Fadhila alisema kweli ataiandika, lakini hataiandika kwa gharama ya jicho la Fundi bila ridhaa yake. Kama Fundi anataka siafu, atatia alama ile nyingine leo hii, na dhambi itakuwa ya daktari. Akamweleza pia bila kupunguza: kwa mkono, jicho laweza kupotea, na harufu ya upande wa kushoto huenda isirudi tena.

"Hao saba," alisema Fundi, "mmoja namjua. Hujanitajia, nami sijakuuliza. Tulikuwa karakana moja. Siku hizi anasema chai ya tangawizi imekuwa maji ya moto tu." Akaitoa penseli nyuma ya sikio, akapekua kando ya kitanda akapata bahasha, akampa. "Nichoree mstari. Bila rula."

Fadhila akachora. Fundi akaufumbia jicho moja, lile la kushoto linalotoa machozi, akauangalia kwa la kulia.

"Umepinda mwishoni. Ulikuwa na haraka ya kumaliza."

"Ndiyo," alisema Fadhila. "Hata siku ile ya neno nilikuwa na haraka."

"Chora mwingine."

Wa pili aliuchora kama mtu asiye na pengine pa kwenda. Fundi aliutazama kwa muda, kisha akairudisha penseli mahali pake.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," alisema. "Andika kweli. Sitaki kukaa kwenye faili kama mtu asiyejua kusema. Na wewe ukiingia humu ndani, usiwe na harusi ya kuwahi."

*

Mwenyekiti wa Baraza alipiga simu nusu saa baada ya alama kutiwa. Aliuliza kama daktari anafahamu kwamba wagonjwa sita wa kanda walikuwa wanawasubiri siafu wiki ile. Fadhila alikuwa ameyasoma mafaili yao yote sita. Hakuna ambaye majuma mawili yangemdhuru, na alishazungumza na daktari wa kila mmoja. Mwenyekiti akauliza kama anafahamu jina lililoko kwenye mzizi wa neno. Fadhila alisema anafahamu, na akaomba waliandike sawasawa kwenye taarifa, kwa herufi n mbili mwanzoni.

Kesho yake asubuhi Fundi Anatoli alilazwa usingizi. Vyombo vilitolewa kwenye kabati la kufundishia: kamera nyembamba kama unyasi, visu vyenye shingo zilizopinda, koleo za mdomo mdogo. Karani alikuwa kimya, na operesheni isiyoandikwa ni hekaya, kwa hiyo Bi Somoe alivaa kofia na barakoa, akaketi pembeni na rundo la kadi. Juu ya kadi ya kwanza alikuwa amechora uso kwa mistari michache, ili kila kipande kitakachotolewa kipewe namba na mahali pake.

Fadhila aliingia polepole. Alichokiona alikisema kwa sauti, Bi Somoe akakiandika na kukisoma tena. Uvimbe aliupunguza katikati kwanza, kisha akazifuata kingo zake, na kutoka kila ukingo alikata kinyama kidogo kikapelekwa chumba cha pili, ambako mtaalamu wa maabara alikigandisha na kukitazama kwa darubini papo hapo. Ukingo wa kwanza, safi. Wa pili, safi. Wa tatu bado, akaongeza kukata, ukawa safi. Kwenye ukuta wa jicho alipumzisha mkono, akahesabu hadi kumi, akaumenya uvimbe kutoka kwenye mfupa kama mtu anayebandua karatasi iliyogandia karatasi. Ukuta ulikaa. Muuguzi wa zamu alisema alhamdulilahi chini ya pumzi yake.

Ilikuwa saa ya tano ya kazi alipofika juu, kwenye dari la pua, mahali nyuzi za kunusia zinaposhuka kutoka kwenye ubongo. Shingo ilimuuma. Aliangalia, akasema, na Bi Somoe akasoma alichoandika: "Ukingo wa juu, nadhani safi."

Kisha akauliza kwa upole, "Umesema nadhani, Daktari. Niandike nadhani?"

Karani asingeuliza. Karani angeliondoa lile neno, kwa sababu alifundishwa kwamba maneno kama hayo ni takataka za usemi.

"Andika," alisema Fadhila. Akatazama tena. Haraka ya kumaliza ilikuwa imemwingia bila yeye kujua, ile ile ya mwisho wa mstari. Akakata kinyama kingine juu ya kile cha awali, pamoja na nyuzi zake, akijua kwamba harufu ya upande ule inaondoka nacho. Kikapelekwa. Mtaalamu alirudi mwenyewe mlangoni kuleta jibu: kilikuwa na ugonjwa.

Alikata mara mbili tena kabla ya kuambiwa safi. Bi Somoe aliandika yote, pamoja na ile nadhani, na Fadhila alipoweka visu chini alimwendea yule mama na glavu zake za damu, akanyoosha mkono kumshukuru.

"Nenda kanawe," alisema Bi Somoe. "Mgonjwa hajamaliza kuandikwa."

*

Karani alifunguliwa siku ya kumi na sita. Baraza liliwapata watu ishirini na watatu kanda nzima. Kumi na wanane walikuwa na mafua sugu au vinyama vya kawaida vya pua. Wanne walikuwa na uvimbe, bado mdogo, wa kuliwa na siafu kwa asubuhi moja. Mmoja wao alikuwa mpenzi wa chai ya tangawizi. Wa ishirini na tatu alikuwa ameshazikwa tangu mwezi Mei. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema, lakini huyu hakuyaficha, aliyatangaza mara mbili mbele ya Karani. Fadhila alikwenda kwa mjane wake, akakaa mkekani, akamwambia lile neno na nani alilifundisha. Aliondoka jua likiwa juu bado, na hakuwahi kumsimulia mtu aliyojibiwa.

Fundi Anatoli alimaliza mionzi yake, akaja kukaguliwa. Jicho lilikuwa zima. Picha haikuonyesha kitu. Aliketi kwenye kiti, penseli mahali pake, Bi Somoe pembeni na kadi mpya, na Fadhila akatoa bahasha ya maranda aliyokwenda kuyaomba mwenyewe karakana. Akayasogeza kwenye tundu la kulia.

"Mninga," alisema Fundi kabla bahasha haijafika. "Wa mlimani huo. Nani kauranda ukiwa mbichi?"

Fadhila akaziba la kulia kwa pamba, akasogeza bahasha kushoto. Fundi alivuta pumzi, akavuta tena. Daktari alijua jibu, maana alilikata kwa mkono wake, lakini bado alikuwa anaomba moyoni.

"Upande wa kushoto sisikii," alisema Fundi.

Karani hakuandika. Kwa mara ya kwanza tangu aletwe Mkomela, aliuliza kwa sauti yake isiyo na umri: "Fundi, kusikia kwa sikio, kwa pua, au kwa mwili?"

"Kwa pua."

Maandishi yakajipanga kwenye kioo. *Pua, upande wa kushoto: hasikii harufu.* Fadhila akayasoma kwa sauti ili mwenyewe ahakikishe, na Bi Somoe akaacha kuandika ili asikilize.

"Ndivyo nilivyosema mara ya kwanza," alisema Fundi Anatoli.

"Ndiyo, fundi," alisema Fadhila. "Ndivyo ulivyosema."